Bomba limepasuka, kampuni imelipa nusu: bima ya nyumba inabeba nini?

Swali: "Mtaalamu, salamu. Huu ni mwaka wa sita nalipia bima ya nyumba bila kuruka hata mara moja. Mwezi uliopita bomba lilipasuka ndani ya ukuta wa bafu tukiwa safarini kwa siku tatu. Tuliporudi tulikuta maji yametapakaa hadi chumbani. Mkadiriaji wa hasara alikuja, akapiga picha, akaondoka. Sasa kampuni imelipa sakafu ya chumba na kabati la nguo, lakini imekataa kulipia bomba lenyewe na mbao zilizooza chini ya sinki, na hata hicho ilichokubali imekipunguza. Mume wangu anasema tumedhulumiwa. Naomba unieleweshe: bima ya nyumba inalipa nini hasa, na hailipi nini? Tena mwaka huu tunafikiria kupangisha chumba cha nyuma, kisha tusafiri miezi mitatu. Hilo lina shida?"

Jibu: Dada yangu, pole kwa maji. Kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama mmedhulumiwa, ila kuna kitu kimoja ambacho huenda hamkukidai, na kampuni haikuwa na haraka ya kuwakumbusha. Nitakifikia. Kwanza tuelewane juu ya jambo ambalo, kwa miaka niliyofanya kazi ya kukadiria hasara, nimeliona likigombanisha watu na kampuni zao kuliko jingine lolote: mwenye nyumba hutazama kilichoharibika, kampuni hutazama kilichoharibu.

Wewe ukiingia bafuni unaona mbao zilizooza na sakafu iliyovimba, vyote vimelowa, vyote ni hasara yako, na maji ni maji. Mkadiriaji akiingia bafu hilo hilo anajiuliza maswali mawili: maji haya yalitoka wapi, na yalianza lini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyoigawa hasara yako mafungu mawili, moja likalipwa na jingine likaachwa.

Bima ya nyumba ilizaliwa na moto. Mwaka 1666 moto ulioanzia kwenye duka la mwoka mikate uliteketeza sehemu kubwa ya London kwa siku nne, ukaangamiza nyumba zaidi ya 13,000. Karibu miaka 15 baadaye Nicholas Barbon, daktari aliyegeuka mjenzi wa majumba, alifungua ofisi ya kukatia nyumba bima ya moto. Hatari nyingine ziliongezwa pole pole baadaye: radi, mlipuko, upepo mkali, mvua ya mawe, wizi wa kuvunja, gari kuparamia ukuta, bomba kupasuka. Ukizitazama zote zina sura moja na moto ule wa kwanza. Zinakuja ghafla, hukuzitaka, na jana yake hukuwa na namna ya kujua kwamba zitakufika wewe na si jirani yako.

Kuchakaa hakuna sura hiyo. Kila paa litazeeka, kila bomba la chuma litashika kutu, na rangi ya kila ukuta itababuka. Bima ni watu wengi kuchangiana hasara itakayowaangukia wachache wasiojulikana. Hasara itakayomfika kila mmoja haina wa kumchangia. Ndiyo maana karibu kila hati ya bima ya nyumba, iwe imeandikwa wapi, inaacha nje mambo yale yale: kuchakaa, kutu, kuvu, mchwa, panya, nyufa za nyumba kutulia kwenye udongo wake, ujenzi mbovu, na ukarabati ambao mwenye nyumba aliuahirisha.

Sasa rudi bafuni kwako. Mbao haziozi kwa siku tatu. Zitavimba, zitapinda, labda zitabadilika rangi, lakini kuoza kunataka majuma na mara nyingi miezi ya unyevu usiokauka. Mkadiriaji aliyeinama chini ya sinki lako huenda aliona alama za maji zilizojichora duara juu ya duara, kila duara likiwa ni siku maji yalipofika hapo yakakauka. Labda aliona na misumari iliyoliwa na kutu. Mimi nikiona duara tatu nilikuwa nafunga daftari. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba nyumba yenu ilikuwa na mivujo miwili: mmoja wa ghafla ukutani, na mwingine wa siku nyingi chini ya sinki ambao hamkuujua. Kampuni imelipa ule wa kwanza. Ikiwa mna hakika kwamba chini ya sinki palikuwa pakavu hadi mwezi uliopita, tafuteni fundi bomba asiye na upande, aandike alichokikuta na kukitia sahihi. Maneno ya mume wako, hata yawe ya kweli kiasi gani, hayatapambana na picha.

Bomba lenyewe ni habari nyingine. Hati nyingi hulipa uharibifu ulioletwa na kitu kilichokufa, zikaacha kukilipia kitu chenyewe. Bomba lililopasuka kwa kutu halilipwi, sakafu iliyoharibiwa na maji yake inalipwa. Ni hivyo hivyo kwa jokofu lililopiga shoti likaunguza jiko: jiko mtalipwa, na jokofu mara nyingi litaingia kwenye ubishi.

Kuna kesi ambayo wanafunzi wa bima hufundishwa mapema sana. Mwezi Januari 1915 meli iitwayo Ikaria ilipigwa kombora na manowari ya Kijerumani karibu na bandari ya Le Havre, Ufaransa. Haikuzama. Ilikokotwa hadi bandarini, ikafungwa gatini, lakini dhoruba ikaanza kuigongesha, ikabidi ihamishiwe sehemu nyingine ya bandari. Huko ilikuwa ikikaa juu ya mchanga kila maji yalipokupwa, mpaka mwili wake ukashindwa na ikazama. Wenyewe walikuwa na bima ya hatari za baharini, ila mambo ya vita yaliachwa nje. Wakasema: imezamishwa na dhoruba na mawimbi, tulipeni. Mwaka 1918 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema hapana, kilichoizamisha ni kombora, kwa sababu tangu lilipoipiga meli haikuwahi kutoka hatarini. Sababu yenye nguvu ndiyo inayohesabiwa, hata kama si ya mwisho kwa saa.

Kesi hiyo ya meli inaingia moja kwa moja kwenye nyumba. Mvua ikipita kwenye paa bovu ikaharibu dari, sababu ni ubovu wa paa, hulipwi. Upepo mkali ukiling'oa paa zima lililokuwa imara, kisha mvua ile ile ikaharibu dari ile ile, sababu ni upepo, unalipwa. Ila siku hizi kampuni nyingi zimejihami kwa sentensi moja ndefu na ya kuchosha isemayo kwamba hatari iliyotengwa ikishiriki kwa namna yoyote, hasara yote haitalipwa, hata kama sababu nyingine inayolipwa ilikuwepo. Itafuteni kwenye hati yenu. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 huko Marekani, sentensi ya namna hiyo ilipeleka watu wengi mahakamani. Nyumba zilikuwa zimeondoka kabisa, pamebaki sakafu ya zege tu, na swali likawa: ziliondolewa na upepo, ambao bima ya kawaida inaulipa, au na maji ya bahari yaliyopanda, ambayo haiyalipi? Shahidi alikuwa nyumba yenyewe, nayo haipo.

Hapo nimegusa shimo kubwa kuliko yote katika bima hizi, yaani mafuriko. Maji yaliyomo ndani ya nyumba yako kwenye mabomba yake ni kitu kimoja. Maji yanayotoka nje yakiwa yametambaa juu ya ardhi, kutoka mtoni, baharini au mvua iliyozidi mitaro, ni kitu kingine kabisa, na katika nchi nyingi bima ya kawaida haiyagusi bila nyongeza au bima ya pembeni. Sababu yake ni hesabu. Moto huchoma nyumba moja au mtaa mmoja, mafuriko hupiga bonde zima usiku mmoja, na wanaoishi mlimani hawaoni kwa nini wachangie. Marekani kampuni binafsi zilikwepa hatari hiyo hadi serikali ikaanzisha mpango wake wa bima ya mafuriko mwaka 1968. Mpango huo kwa kawaida hukaa siku 30 kabla ya kuanza kukulinda, kusudi mtu asikate bima huku akitazama mto unapanda. Tetemeko la ardhi na maporomoko ya udongo yana mkosi huo huo. Tetemeko la Northridge la Januari 1994 liliwagharimu watoa bima kiasi kwamba wengi walianza kuikimbia biashara ya bima ya nyumba jimboni California, na mwaka 1996 ikaundwa taasisi maalumu ya bima ya tetemeko. Kuna na maji machafu yanayorudi kupitia bomba la choo: watu hudhani yamo, kumbe mara nyingi yanahitaji kiambatisho chake. Kiambatisho hicho huwa ni cha bei ndogo, na mimi nisingekaa bila hicho.

Vipi kuhusu uzembe? Wengi huogopa kudai kwa sababu wanajua kosa lilikuwa lao: walisahau pasi, waliacha mshumaa. Msiogope. Bima ipo kwa ajili ya binadamu wanaosahau. Uingereza mwanamke mmoja, kwa kuogopa wezi, alificha vito vyake kwenye meko ya sebuleni, chini ya kuni na makaa ambayo hayajawashwa. Akasahau. Baadaye akawasha moto. Kampuni ikasema moto huo haukuwa ajali, ulikuwa mahali pake, kwenye meko, na aliuwasha mwenyewe. Mwaka 1941 mahakama ikaamua alipwe, maana moto ulikuwa wa makusudi lakini kuunguza vito hakukuwa. Kisicholipwa ni kudhamiria: mwenye nyumba anayeichoma nyumba yake hapati kitu, na katika hati nyingi hata mwenzake wa ndoa asiye na hatia hujikuta pabaya. Tena kuna tofauti kati ya kusahau na kutojali. Anayeona maji yanatiririka akaenda kulala amevunja wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke, na kampuni itakata sehemu iliyoongezeka baada ya yeye kujua. Nyinyi mlifunga koki mara tu mliporudi, natumaini.

Tuje kwenye malipo yaliyopunguzwa, maana hapo ndipo mume wako amekasirikia. Kuna visu vitatu vinavyoweza kuwa vimepita. Cha kwanza ni sehemu ya hasara mliyokubali kuibeba wenyewe kila mnapodai. Imeandikwa ukurasa wa mbele wa hati, na mkichagua iwe kubwa ada yenu ya bima hushuka. Cha pili ni umri wa vitu. Hati nyingine hulipa kipya kwa cha zamani, nyingine hulipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku kilipoharibika. Kabati la miaka 10 kwa hati ya aina ya pili litapewa bei ya kabati la miaka 10, na hakuna duka linalouza la namna hiyo.

Cha tatu ndicho kikali, nacho huwakata hata watu waangalifu: uwiano. Tuseme kuijenga upya nyumba yenu kunahitaji 100, lakini mmeikatia bima ya 60 ili ada iwe nafuu. Maji yakiharibu vitu vya 20, mtu wa kawaida husema, 20 ni ndogo kuliko 60, nitalipwa yote. Pale ambapo kanuni ya uwiano imo, kampuni inajibu hivi: umelipia asilimia 60 ya hatari, nasi tutabeba asilimia 60 ya kila hasara. Mnapata 12, na bado ile sehemu yenu ya kubeba inaweza kutolewa humo. Watu huingia mtego huu bila kujua, kwa sababu mbili. Walikata bima siku ya kununua nyumba na hawakuirekebisha tena huku bei za vifaa na mafundi zikipanda. Au walitumia bei ya soko, ambayo ina thamani ya kiwanja ndani yake, wakati kiwanja hakiungui. Kiasi kinachotakiwa ni gharama ya kubomoa mabaki, kuzoa kifusi, kulipa mchoraji na kujenga tena. Ombeni kampuni iwaandikie hesabu yao mstari kwa mstari. Ni haki yenu kuona ni kisu kipi kimepita, na nimewahi kuona hesabu ambazo uwiano ulipigwa mara mbili.

Mambo mengine nitayapita haraka. Nyumba na vilivyomo mara nyingi ni bima mbili ndani ya hati moja, au hata hati mbili. Kinachobaki ukiipindua nyumba miguu juu ni nyumba, kinachodondoka ni vilivyomo. Fedha taslimu na vito vina ukomo mdogo usiolingana na thamani yake, kwa hiyo kitu cha thamani kubwa kitajwe kwa jina na kiwe na karatasi ya uthamini. Hati nzuri hulipia mahali pa kukaa nyumba ikiwa haikaliki, na hubeba dhima yenu, yaani fidia mtakayodaiwa, kwa mgeni aliyeteleza kwenye ngazi zenu akavunjika mguu. Watu hulisahau hilo la mwisho, nalo linaweza kuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe.

Kuhusu kupangisha chumba: ndiyo, lina shida, lakini ni shida inayotibika kwa barua moja. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kampuni kuijua hatari unayoijua wewe. Lord Mansfield, jaji wa Uingereza, aliliweka hilo wazi mwaka 1766 katika kesi ya Carter na Boehm, akisema mambo ambayo hatari inapimwa kwayo mara nyingi yapo katika ujuzi wa mkata bima peke yake. Wenye kampuni hupenda kuinukuu kesi hiyo, ila huwa hawaongezi kwamba aliyeshinda siku ile alikuwa mkata bima. Sheria za siku hizi katika baadhi ya nchi zimemlegezea mwananchi wa kawaida. Uingereza, kwa mfano, tangu sheria ya mwaka 2012 kazi yake ni kujibu kwa uangalifu maswali aliyoulizwa. Lakini mkisaini kwamba nyumba inakaliwa na familia yenu tu, kisha akaingia mpangaji, jibu lenu la zamani limegeuka uongo, na hati nyingi zinawataka mtoe taarifa. Mkinyamaza, kampuni inaweza kupunguza malipo au kuyakataa kabisa, hata kwa moto ambao mpangaji hakuuanzisha. Mkitoa taarifa, ada huenda ikapanda kidogo na masharti mawili matatu yataingia. La kuuliza ni wizi: mtu mliyemkaribisha kwa funguo akiiba, hakuna mlango uliovunjwa, na hati nyingi hudai dalili za kuvunja. Vitu vya mpangaji navyo havimo katika bima yenu. Mwambieni mapema akate yake.

Safari ya miezi mitatu ni hatari kuliko mpangaji. Tafuteni neno la nyumba kuachwa bila mtu. Hati nyingi zina kikomo, mara nyingi siku 30 au 60 mfululizo, na kikipita baadhi ya hatari hufungwa, hasa uharibifu wa makusudi, wizi na, katika hati kadhaa, maji ya mabomba. Nyinyi mmeshaona siku tatu zinaweza kufanya nini. Mpangaji akiwepo huenda tatizo lisiwepo, lakini kama ataingia baada ya safari, ombeni idhini kwa maandishi, fungeni koki kuu ya maji na mfungue mabomba maji yaliyomo yaishe, kisha mtu mmoja awe anapita ndani kila juma na kuandika tarehe. Daftari hilo la tarehe lina kazi yake siku ya dai.

Sasa kile kitu nilichosema hamkukidai. Bomba lilikuwa ndani ya ukuta. Ili fundi alifikie, ukuta ulivunjwa, vigae vikatolewa, kisha vikarudishwa au bado vinasubiri. Hati nyingi zinazolipa uharibifu wa maji ya bomba lililopasuka hulipa pia gharama ya kuvunja na kuziba ukuta ili kulifikia bomba, ingawa bomba lenyewe hazililipi. Wakati mwingine kifungu hiki kimo ndani ya hatari ya maji, wakati mwingine kimesimama peke yake kikiwa na ukomo wake. Katika barua yako sioni popote ulipotaja vigae. Chukua hati, kitafute, kisha iandikie kampuni ukitaja namba ya kifungu, ukiambatisha risiti ya fundi iliyotenganisha kazi ya kufungua ukuta na kazi ya kubadili bomba. Kama risiti mliyonayo imejumlisha yote, mrudieni fundi aitenganishe kabla hamjaituma, na vipande vya vigae vya zamani msivitupe bado.